Kuona Kiazi Kikijenga Wanga Ndani ya Neli: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakashindwa

"Mwalimu, zote zimekuwa bluu!" Au kinyume chake: "Mwalimu, hakuna hata moja iliyobadilika." Kila tunapofika kwenye jaribio la fosforilesi ya kiazi, kimeng'enya kinachoweza kujenga wanga, nusu ya meza huishia kwenye kilio kimoja kati ya hivi viwili. Kisha wanafunzi hunakili matokeo ya meza ya jirani, wanaosha vyombo, wanaondoka.

Huwa inaniuma, kwa sababu majaribio karibu yote ya vimeng'enya tunayofanya shuleni na vyuoni ni ya kubomoa. Mate yanavunja wanga, pepsini inavunja protini, ini linapasua hidrojeni peroksidi mpaka povu linafurika. Hili ni la kujenga. Sukari iliyoyeyuka, angavu kama maji ya kunywa, inaunganishwa pingili kwa pingili mpaka inakuwa wanga, na iodini inakuonyesha hapo hapo mezani.

Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata mahali watu wanapoangukia. Hatua nyingine nimezipitia haraka kwa kuwa hazimshindi mtu. Hatua ya 4 na ya 5 zisome mara mbili.

## Kinachotokea ndani ya neli

Fosforilesi huchukua molekuli ya glukosi-1-fosfati, huitenga fosfati, na kuibandika glukosi kwenye ncha ya mnyororo wa glukosi ambao tayari upo. Mnyororo unarefuka kwa pingili moja, fosfati inabaki huru majini.

Shika mambo mawili. Kwanza, kimeng'enya hiki hakianzi mnyororo kutoka sifuri, kinarefusha ulioanzishwa. Pili, mmenyuko unakwenda pande zote mbili: fosfati huru ikizidi, kimeng'enya kile kile kinageuka na kuanza kubomoa. Ukiyashika haya, sehemu kubwa ya makosa utayaona kabla hujayafanya.

## Mahitaji

Kwa kundi moja la wanafunzi wanne au watano:

- Viazi mviringo viwili vya wastani, vigumu, visivyochipua
- Alfa-D-glukosi-1-fosfati, chumvi ya dipotasiamu, gramu 0.5
- Glukosi ya kawaida, gramu 0.5
- Asidi sitriki na sodiamu sitreti
- Potasiamu dihidrojeni fosfati, na potasiamu haidroksaidi kidogo ya kurekebishia pH
- Iodini na potasiamu iodaidi
- Sodiamu floraidi (sumu, soma onyo hapo chini)
- Blenda au kikwaruzo cha jikoni, kitambaa cha melimeli, karatasi za kuchujia
- Sentrifuji, hata ile ya kuzungusha kwa mkono
- Neli nane, pipeti zenye mpira wa kuvutia, kigae cheupe chenye vishimo
- Barafu, jiko la kuchemshia maji, saa ya kuhesabia dakika
- Hadubini, kama ipo
- Glavu, miwani ya kinga, koti la maabara

Kabla ya kununua, soma lebo ya glukosi-1-fosfati herufi kwa herufi. Ipo pia glukosi-6-fosfati, na kwa jicho lenye haraka chupa hizo mbili zinafanana. Fosforilesi haiwezi kuitumia hiyo ya 6. Ukiipata iliyo sahihi, itunze kwenye jokofu la kugandisha, chupa ikiwa imefungwa vizuri, na usiichanganye na asidi: asidi inaing'oa fosfati yake hata bila kimeng'enya.

## Hatua ya 1: Andaa mimumunyo siku moja kabla

Bafa ya sitreti (mmumunyo unaoizuia pH isiyumbe), pH 6.0. Yeyusha gramu 2.1 za asidi sitriki yenye molekuli moja ya maji katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Chombo kingine, yeyusha gramu 2.94 za sodiamu sitreti yenye molekuli mbili za maji katika mililita 100. Changanya mililita 9.5 za ya kwanza na mililita 41.5 za ya pili. Pima pH na urekebishe kidogo ikibidi.

Hapa ndipo kosa kubwa la kwanza linapoingia. Maabara nyingi zina bafa ya fosfati tayari kabatini, na mkono unaizoea. Usiiguse. Fosfati ni tokeo la mmenyuko huu. Ukiianzisha neli ikiwa imejaa fosfati, ni kama kumwambia fundi ajenge ukuta huku umewaweka vibarua kumi wa kuubomoa.

Glukosi-1-fosfati, asilimia 1. Gramu 0.5 katika mililita 50 za maji. Andaa asubuhi ya jaribio, weka kwenye barafu. Ikibaki, igawe kwenye vichupa vidogo na ugandishe.

Glukosi, asilimia 1. Gramu 0.5 katika mililita 50.

Fosfati, pH 6.0. Gramu 2.72 za potasiamu dihidrojeni fosfati katika mililita 40 za maji. Ongeza potasiamu haidroksaidi tone kwa tone mpaka pH ifike 6.0, kisha jaza mpaka mililita 50. Hii ni ya neli moja tu ya kulinganishia, isikaribie nyingine.

Iodini. Yeyusha gramu 2 za potasiamu iodaidi katika mililita 10 za maji. Ikishayeyuka yote, tia gramu 0.2 za iodini, koroga mpaka punje zipotee, kisha jaza mpaka mililita 100. Ukianza na iodini kwenye maji matupu utakoroga mpaka jioni, maana huyeyuka kwa shida sana bila iodaidi. Tunza kwenye chupa ya kahawia.

Sodiamu floraidi. Gramu 0.1 katika mililita 250 za maji. Kazi yake ni kuzuia vimeng'enya vingine vya kiazi, fosfatesi, visiile glukosi-1-fosfati kabla fosforilesi haijaifikia.

*Onyo:* floraidi ni sumu ikimezwa, na ikikutana na asidi kali hutoa hidrojeni floraidi, ambayo ni hatari zaidi. Vaa glavu, andika lebo kubwa, usimimine kamwe kwenye chupa ya mabaki ya asidi. Kwa wanafunzi wa sekondari mimi huiacha kabisa na kutumia maji baridi yaliyotoneshwa. Jaribio linakubali, mradi ufanye kazi haraka na kila kitu kikae kwenye barafu.

## Hatua ya 2: Chagua kiazi

Chukua kilichotoka sokoni siku hiyo au jana yake, kigumu mkononi. Kilicholala kwenye friji kikwepe: baridi hufanya kiazi kigeuze sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na utaanza na juisi ambayo hujui ndani yake kuna nini.

Kilichochipua au chenye mabaka ya kijani nacho kiache. Ukijani wenyewe ni klorofili, lakini ni dalili kuwa kiazi kilipigwa na mwanga, na mwanga huo huo huongeza solanini. Solanini nayo ni kazi ya vimeng'enya vijengavyo: kiazi huchukua kiini chenye naitrojeni na kukibandika sukari tatu moja baada ya nyingine, kikapata sumu ya kujilinda. Anayeanza kupendezwa na vimeng'enya vinavyojenga kemikali za mimea, mlango mmoja uko hapo, chini ya ganda la kiazi cha kijani.

Menya, osha, katakata vipande vidogo. Pima gramu 100.

## Hatua ya 3: Saga na uchuje

Weka vipande kwenye blenda pamoja na mililita 100 za mmumunyo wa floraidi, au maji, uliopozwa kwenye barafu. Saga kwa sekunde 30, si zaidi. Blenda ikizunguka muda mrefu inapasha joto na kuingiza hewa, na juisi inageuka kahawia upesi.

Huna blenda? Kikwaruzo cha jikoni kinatosha. Kwaruza juu ya bakuli lililokaa ndani ya barafu.

Kamua kupitia tabaka nne za melimeli. Kiasi cha juisi utakachopata hakina umuhimu mkubwa, ila ukiona imepungua sana chini ya mililita 80, hukukamua kwa nguvu.

Juisi itaanza kuwa ya rangi ya waridi, kisha kahawia. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya kingine, polifenoli oksidesi, na haiharibu jaribio kama utafanya haraka. *Usitie ndimu, usitie kidonge cha vitamini C, usitie metabisalfaiti.* Najua ndivyo tunavyozuia viazi visiwe vyeusi jikoni, na kuna kundi liliwahi kuniletea juisi nyeupe safi ya kupendeza kwa njia hiyo. Haikuonyesha bluu mpaka tukakata tamaa. Sababu iko hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Toa kila chembe ya wanga

Jaribio zima linasimama au kuanguka hapa.

Kiazi kimejaa wanga. Unataka kuonyesha kwamba kimeng'enya kimejenga wanga *mpya*. Kama umeacha hata kidogo wa zamani, rangi ya bluu haina maana yoyote, kwa sababu huwezi kujua umeiona kazi ya kimeng'enya au mabaki ya shambani.

Bahati nzuri, chembe za wanga wa kiazi ni kubwa, nyingi kati ya mikromita 10 na 100, na ni nzito kuliko maji. Zinazama zenyewe. Fuata mpangilio huu:

1. Acha juisi itulie kwenye bika ndani ya barafu kwa dakika 10. Utaona mashapo meupe chini, magumu kama chokaa iliyolowa.
2. Mimina maji ya juu taratibu kwenye neli za sentrifuji. Acha mashapo na maji kidogo ya juu yake. Uchoyo wa mililita tano za mwisho ndio unaorudisha wanga ndani.
3. Zungusha kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, muda wa dakika 10. Hakikisha neli zinazokabiliana zina uzito sawa.
4. Vuta maji ya juu kwa pipeti ukiacha sentimita moja juu ya mashapo.
5. Zungusha tena dakika 5. Mzunguko huu wa pili watu wengi wanauruka.

Kama sentrifuji hakuna, acha itulie kwenye barafu kwa dakika 40, chuja kwa karatasi mbili zilizopachikwa pamoja, kisha rudia na karatasi mpya. Ni polepole na vitundu vya karatasi hupitisha chembe ndogo, kwa hiyo ukaguzi unaofuata utaufanya kwa makini zaidi.

Ukaguzi wa kwanza. Tone moja la juisi kwenye kioo cha hadubini, tone moja la iodini juu yake. Angalia kwa ukuzaji wa mara 100. Chembe za wanga huonekana kama mayai meusi-bluu. Ukiona moja au mbili katika eneo zima, endelea. Ukiona kumi, rudi kwenye sentrifuji.

Ukaguzi wa pili, usiohitaji hadubini. Chukua mililita 1 ya juisi, ichemshe dakika 2, ipoze kabisa, tia matone mawili ya iodini. Chembe nzima ya wanga ikiwa baridi hudanganya: inakaa chini kama kidoa kidogo na jicho haliioni. Ukiichemsha inavimba, inapasuka, na wanga wake unatawanyika majini. Kwa hiyo juisi iliyochemshwa ikibaki ya njano, huna wanga. Ikigeuka bluu, usiendelee.

*Unachotakiwa kupata:* juisi yenye ukungu kidogo, njano au kahawia hafifu, inayobaki njano-kahawia kwenye iodini ikiwa mbichi na ikiwa imechemshwa.

## Hatua ya 5: Jaribu iodini yako kabla ya kuiamini

Iodini hugeuza wanga kuwa bluu ikiwa bado ni iodini. Vitamini C huigeuza kuwa iodaidi, ambayo haina rangi na haishikani na wanga. Kiazi chenyewe kina vitamini C. Kwa hiyo tone la kwanza la iodini dhaifu ukilitia kwenye juisi linaweza kumezwa lote, na wewe ukaandika "hakuna wanga" wakati wanga upo.

Ndiyo maana kidonge cha vitamini C kinaua jaribio: kidonge kimoja kikubwa kwenye mililita 100 kina uwezo wa kuimeza iodini yote utakayoitumia. Metabisalfaiti hufanya hivyo hivyo.

Fanya hivi. Kwenye kigae, weka tone moja la iodini na tone moja la juisi. Subiri dakika moja. Rangi ya njano-kahawia ibaki. Ikififia na kuwa nyeupe, ongeza tone la pili la iodini, na kama hilo ndilo linalobaki, basi kuanzia hapo utatumia matone mawili kwa kila sampuli, bila kubadilisha katikati.

Kisha weka tone la juisi, tone la iodini, na tone la mmumunyo wa wanga uliouchemsha na kuupoza. Lazima iwe bluu. Ikikataa, tatizo ni iodini yako na si kimeng'enya. Mara nyingi ni chupa iliyokaa juani au iliyopunguzwa maji na mtu aliyekutangulia.

## Hatua ya 6: Chemsha sehemu ya juisi

Tia mililita 4 za juisi kwenye neli, ifunike, iweke kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10. Poza kwenye barafu. Itakuwa na mabonge meupe, ni protini zilizoganda, ndivyo inavyopaswa kuwa. Tikisa kabla ya kutumia.

## Hatua ya 7: Panga neli

Kila neli itakuwa na mililita 5. Juisi iingie mwisho kabisa.

Neli A, ya jaribio: bafa 1 ml, glukosi-1-fosfati 1 ml, maji 1 ml, juisi mbichi 2 ml.

Neli B: kama A, lakini juisi iliyochemshwa. Inauliza: je, kazi imefanywa na kitu kinachokufa kwa joto?

Neli C: glukosi 1 ml badala ya glukosi-1-fosfati. Inauliza: je, glukosi tupu inatosha?

Neli D: maji mahali pa glukosi-1-fosfati, yaani bafa 1 ml, maji 2 ml, juisi mbichi 2 ml. Inauliza: je, juisi yenyewe inatengeneza bluu bila kulishwa?

Neli E: kama A, lakini mahali pa maji weka mmumunyo wa fosfati 1 ml. Inauliza: je, tokeo likizidi, ujenzi unasimama?

Neli F: bafa 1 ml, glukosi-1-fosfati 1 ml, maji 3 ml, bila juisi. Inauliza: je, kemikali yangu ni safi?

Msomaji atakayeona neli sita ni nyingi na kutaka kubaki na A na B, namsihi asifanye hivyo. Neli A peke yake haithibitishi lolote. D ndiyo inayolinda heshima ya A, na E ndiyo inayofundisha.

Tufanye hesabu ya E, ni fupi. Glukosi-1-fosfati yako ya asilimia 1, ikiwa ni ile chumvi yenye molekuli mbili za maji, ni milimola 27 kwa lita. Ndani ya mililita 5 inashuka kuwa 5.4. Fosfati yako ilikuwa milimola 400 kwa lita, inakuwa 80. Uwiano wa fosfati kwa glukosi-1-fosfati ni karibu 15. Kwenye pH 6, mmenyuko huu husimama pale uwiano unapofika karibu 7. Kwa hiyo neli E imeshapita mstari kabla haijaanza, na ujenzi hauna njia.

## Hatua ya 8: Anzisha, kisha chukua sampuli

1. Panga kigae: safu moja kwa kila neli, tone moja la iodini (au matone uliyoamua hatua ya 5) katika kila kishimo. Andika dakika pembeni: 0, 3, 6, 9, 12, 15, 20, 30.
2. Acha neli zote zifikie joto la chumba, nyuzi 25 hadi 30. Wa Dar es Salaam au Mombasa hawahitaji kifaa cha kupasha joto. Wa Njombe au Limuru asubuhi ya Julai, tumieni bika la maji ya uvuguvugu.
3. Tia juisi neli moja baada ya nyingine, ukipishanisha kwa sekunde 20. Tikisa taratibu. Saa ya kila neli inaanza juisi inapoingia.
4. Toa tone papo hapo kwa dakika 0, kisha kila muda uliopangwa. Pipeti moja kwa kila neli.

*Onyo:* usivute pipeti kwa mdomo. Kinga ya afya ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni mate: yana amilesi, na tone lake moja likiingia neli A litakula wanga kadiri unavyojengwa. Nimeona neli iliyofika zambarau ikarudi njano, na nadhani hicho ndicho kilichotokea.

## Hatua ya 9: Soma matokeo

Neli A inapaswa kuanza njano, ikaelekea kahawia-nyekundu, ikawa zambarau, kisha bluu nzito. Mara nyingi mabadiliko yanaonekana kati ya dakika 3 na 20, kutegemea kiazi na jinsi ulivyokitunza.

Rangi hizo zinasimulia urefu wa mnyororo. Mnyororo mfupi wa glukosi chini ya 12 hivi hautoi rangi. Wa kati hutoa wekundu. Ukipita glukosi 45 hivi, mnyororo unajizungusha kama springi ndefu, iodini inajipanga ndani yake, na bluu inatokea. Kwa hiyo unavyotazama kishimo cha dakika 6, 9 na 12 unatazama mnyororo ukirefuka. Mara chache bluu hutokea ghafla bila kupitia wekundu. Sababu ni kwamba minyororo ya kuanzia ilikuwa michache, kila mmoja ukapata pingili nyingi.

Neli B, C, D na F zibaki njano mpaka mwisho. Neli E ibaki njano, au ipate kivuli hafifu tu.

C huwashangaza wengi, kwa kuwa ndani yake kuna glukosi nyingi kuliko A kwa idadi ya molekuli. Ila kuunganisha glukosi na glukosi kunadai nguvu, na nguvu hiyo imebebwa na kifungo cha fosfati. Glukosi tupu ni tofali lisilo na saruji.

## Ikikataa

Neli zote zenye juisi ni bluu kuanzia dakika 0. Wanga wa zamani. Rudi hatua ya 4. Angalia hasa B: kama ni bluu zaidi ya D, ni chembe zilizopasuka wakati wa kuchemsha.

A haibadiliki hata baada ya dakika 40. Uliza kwa mpangilio huu. Iodini inafanya kazi? Juisi ilikaa nje ya barafu kwa muda gani? Bafa ni ya sitreti kweli? Chupa ni ya glukosi-1-fosfati na si 6? Yote yakiwa sawa, huenda umesafisha juisi mpaka ukaondoa na minyororo ya kuanzia. Andaa mmumunyo wa wanga wa asilimia 0.02 uliochemshwa, tia tone moja katika *kila* neli, zikiwemo za kulinganishia. Kiasi hicho ni kidogo mno kutoa bluu ya maana chenyewe, lakini kimeng'enya kinapata mahali pa kushika.

A ilifika bluu kisha ikafifia. Amilesi, ya mate au ya kiazi. Juisi safi, vyombo safi, na usisubiri zaidi ya dakika 30.

Kishimo hakina rangi kikiwa moto. Usisome kitu cha moto. Bluu ya iodini hutoweka kwa joto na kurudi kikipoa.

## Hatua ya 10: Kwa wanaotaka namba

Rangi kwenye kigae inakuambia kazi imefanyika, haikuambii kwa kasi gani. Kasi inapimwa kwa fosfati inayotoka, kwa sababu kila glukosi inayobandikwa huacha fosfati moja. Tumia kitendanishi cha molibdeti kilichopo maabara kwako, pamoja na spektrofotomita.

Badilisha bafa kwanza. Sitreti hushikana na molibdeti na kuzuia rangi isitokee, na nimeona tasnifu nzima ikicheleweshwa na jambo hilo. Tumia bafa ya MES, milimola 100 kwa lita, pH 6.0.

Toa mililita 0.5 kutoka neli A kwa dakika 0, 2, 4, 6, 8 na 10, kila moja iingie kwenye mililita 0.5 za asidi trikloroasetiki ya asilimia 10 iliyo kwenye barafu. Kimeng'enya kinasimama papo hapo. Zungusha, chukua maji ya juu, pima fosfati. Usiziache sampuli kwenye asidi mpaka kesho, maana asidi nayo inaivunja glukosi-1-fosfati polepole. Soma zote baada ya muda ule ule tangu kutia molibdeti. Viwango vya kulinganishia viandae na bafa, floraidi na asidi ile ile.

Dakika 0 haitakuwa sifuri. Kiazi kina fosfati yake. Unachotafuta ni ongezeko.

Mfano wa hesabu: tuseme fosfati kwenye neli imetoka milimola 1.2 kwa lita mpaka 1.9 katika dakika 10. Ongezeko ni 0.7. Katika mililita 5 hizo ni mikromola 3.5, yaani 0.35 kwa dakika. Umetumia mililita 2 za juisi, basi kila mililita ina uniti 0.175 za kimeng'enya (uniti moja ni mikromola moja kwa dakika). Chora mstari wa fosfati dhidi ya muda, na utumie sehemu ya mwanzo iliyonyooka tu. Mbele huko fosfati imeshaanza kujazana na kasi inapungua.

## Unapoandika ripoti

Andika kuwa fosforilesi ya kiazi *inaweza* kujenga minyororo ya aina ya amilosi, yaani wanga usio na matawi, kutoka glukosi-1-fosfati katika neli. Usiandike kuwa hivi ndivyo kiazi kinavyotengeneza wanga wake shambani, sentensi ninayoikata kwa kalamu nyekundu kila mwaka. Ndani ya seli hai fosfati huru kwa kawaida ni nyingi kuliko glukosi-1-fosfati, hali inayofanana na neli E kuliko neli A. Kazi kuu ya kujenga hufanywa na kimeng'enya kingine, wanga sinthesi, kinachopokea glukosi iliyobebwa na molekuli iitwayo ADP, na kingine tena kinachotengeneza matawi. Ukiiweka neli E kwenye majadiliano yako, umejieleza vizuri kuliko kurasa mbili za nadharia.

Taja pia aina ya kiazi kama unaijua, siku kilipovunwa au kununuliwa, na muda uliopita kati ya kusaga na kuanzisha neli. Anayerudia kazi yako atavihitaji.

## Kabla ya kuondoka maabara

Mabaki yenye floraidi yaende kwenye chupa yake maalumu, si sinki. Mabaki ya asidi trikloroasetiki yaende chupa tofauti na hiyo. Mashapo meupe yaliyobaki chini ya bika, kama hukutumia floraidi, yanaweza kukaushwa na kutumika kwa jaribio la mate wiki ijayo: ni wanga safi wa kiazi. Madoa ya iodini kwenye kigae na vidole yanatoka kwa vitamini C iliyoyeyushwa majini, na hapo ndipo mahali pake.